Sharika ya Biashara: Masharti Yake na Adabu Zake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, somo letu hili ni katika mlango wa muamala, nao ni mlango ambao wengi wetu tumeuacha nyuma. Mtu husoma masharti ya udhu na nguzo za Sala tangu utotoni, na hilo ni jambo jema. Walakini aingiapo sokoni huingia mikono mitupu, hajui lililo halali katika kuuza na kununua, wala hajui haki ya mwenziwe aliyechanganya naye mali.

Tazameni miji yetu hii ya pwani. Ni maduka mangapi yaliyofunguliwa na watu wawili kwa furaha, kwa fatiha na kahawa, kisha yakafungwa kwa ugomvi? Ukiuliza sababu, ni mara chache utakapoambiwa kuwa bidhaa zilikosa wanunuzi. Mara nyingi utaambiwa: hawakuandikiana, mmoja alifanya kazi na mwenziwe akala, au mmoja alikufa, na wenye kurithi wakakuta daftari tupu. Watu wakisha kuyaona haya, husema kuwa sharika haina kheri, ni bora kila mtu na lake. Na kila mtu akiwa na lake, mwenye shilingi laki moja hubaki na kiduka cha laki moja maisha yake yote, na mwenye ufundi asiye na mtaji huenda akaajiriwa na watu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi ubaya si wa sharika. Ubaya ni wa kuingia katika jambo pasi na kulijua.

ASILI YA SHARIKA

Sharika si jambo geni katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) kabla ya kupewa utume alisafiri kwenda Sham na mali ya Bibi Khadija binti Khuwailid, mali ikiwa ya Bibi na kazi ikiwa yake. Na imepokewa kuwa As-Saib bin Abi As-Saib alikuwa mshirika wake katika biashara zama za ujahilia. Naye alipokutana naye baadaye alimsifu kwa kuwa hakuwa mtu wa mabishano wala wa kuteta. Angalieni sifa gani iliyotajwa. Hakumsifu kwa wingi wa faida waliyopata. Alimsifu kwa tabia.

Na walipohamia Madina Muhajirina, Ansari walimtaka Mtume awagawanyie wao na ndugu zao mitende yao. Mtume hakukubali. Ndipo Ansari walipowaambia Muhajirina wafanye kazi katika mashamba, na matunda wagawane, na wote wakaridhika. Katika kisa hiki mna mafunzo makubwa. Mwenye mali hakuombwa atupe mali yake, wala asiye na mali hakufanywa mwombaji. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho, huyu ardhi na yule jasho, na kila mmoja akabaki na heshima yake.

Vile vile ilipofunguliwa Khaibar, katika mwaka wa 7 wa Hijra (628), Mtume aliwaachia Mayahudi waliokuwa wenyeji wake mashamba wayalime kwa nusu ya mavuno. Basi mapatano ya kugawana faida yalikuwapo hata baina ya watu wasiokuwa wa dini moja.

Na katika Hadithi aliyoipokea Abu Huraira mna maana ya kuwa Mwenyezi Mungu huwa pamoja na washirika wawili, Yeye akiwa wa tatu wao, maadamu hapana aliyemkhini mwenziwe. Akikhini mmoja, baraka huondoka. Na katika Suratu Swad, aya ya 24, katika kisa cha Nabii Daud na wale mahasimu wawili waliogombea kondoo, Qurani yatufahamisha kuwa washirika wengi hudhulumiana, isipokuwa walioamini na kutenda mema, nao ni wachache. Basi dini yetu haikutuficha hatari ya jambo hili. Imelihalalisha, kisha ikaliwekea mipaka.

SHARIKA ILIYO SAHIHI KATIKA MADHEHEBU YETU

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 wa Hijra (1277), ametaja katika Minhaj aina nne za sharika.

Ya kwanza ni sharika ya miili: mafundi wawili kuafikiana kuwa kila wapatacho kwa kazi ya mikono yao ni chao wote. Ya pili ni mufawadha: watu wawili kuchanganya mapato yao yote na madeni yao yote. Ya tatu ni sharika ya uso: watu wasio na mali, wenye jina zuri tu sokoni, kununua kwa deni na kugawana faida. Hizi tatu hazisihi katika madhehebu ya Imam Shafi. Ya nne ni sharika ya inani, nayo ndiyo iliyo sahihi kwa umoja wa wanavyuoni, ingawa wamekhitilafiana katika baadhi ya masharti yake.

Na yafaa tujue kuwa sharika ya miili yajuzu kwa Mahanafi na Mahanbali, na kwa Mamaliki kwa masharti yao. Miongoni mwa hoja zao ni khabari ya Ibn Masud, Saad na Ammar, walioshirikiana katika watakachopata siku ya Badr. Saad akaja na mateka wawili, na wenziwe wasije na kitu. Basi mafundi wetu wawili wa seremala wanaofanya kazi pamoja wasiharakie kuambiwa kuwa wamo katika haramu. Na waulize, waelezwe wanafuata kauli ya nani.

Ama sharika ya inani, masharti yake makubwa ni haya:

1. Kila mmoja ampe mwenziwe idhini ya kuuza na kununua katika mali ile.

2. Mali iwe ni kitu chenye mfano wake, kama fedha au nafaka ya aina moja.

3. Mali mbili zichanganywe hata isijulikane ipi ya huyu na ipi ya yule. Basi washirika ambao kila mmoja ameweka zake katika simu yake, na kila mmoja hununua kwa zake, hao bado hawajashirikiana, japo wameandika jina moja juu ya mlango. Na waziweke pahali pamoja.

4. Faida na khasara ziende kwa kiasi cha mali ya kila mmoja.

Na ikiwa mmoja ana bidhaa na mwenziwe ana bidhaa nyingine, njia ipo: kila mmoja amuuzie mwenziwe nusu ya bidhaa yake kwa nusu ya bidhaa ya mwenziwe, kisha wapeane idhini. Hapo vyote huwa ni vyao wawili.

HESABU YA FAIDA NA KHASARA

Na tupige mfano kwa Zaidi na Amri, kama ilivyo desturi ya vitabu vyetu. Zaidi ameweka shilingi 300,000 na Amri 200,000. Mali yote ni 500,000. Zaidi ana mafungu matatu na Amri mawili. Mwaka ukaisha wakapata faida 120,000. Ya Zaidi ni 72,000 na ya Amri ni 48,000. Lau wangalipata khasara ya 50,000, Zaidi angalibeba 30,000 na Amri 20,000.

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Zaidi ameajiriwa bandarini, huja dukani jioni ya Ijumaa. Amri ndiye afunguaye duka alfajiri na kulifunga baada ya Isha. Mwaka ukiisha, Amri huona kuwa yeye ndiye aliyetoka jasho, na mwenziwe ndiye aliyepata zaidi. Hasemi. Huanza kuchukua kidogo kidogo, akijiambia kuwa ni haki yake. Huo ndio mwanzo wa khiyana, na mwenye kuifanya hajioni kuwa ni mwizi.

Je, Amri aweza kuongezewa faida kwa sababu ya kazi yake? Katika sharika ya inani ya madhehebu yetu, la: wakishurutiza faida isiyolingana na mali, mkataba huharibika. Mahanafi na Mahanbali wao wamejuzisha faida igawanywe kwa mapatano, ila khasara haiwi illa kwa kiasi cha mali. Walakini hata kwetu mlango haukufungwa. Wanavyuoni wetu wametaja kuwa mwenye fungu katika mali ya sharika aweza kumwambia mshirika wake: nimekupa qiradhi juu ya fungu langu. Basi Zaidi akikaa kando na kumwachia Amri kazi, kwa sharti kuwa faida ya fungu lake wagawane nusu kwa nusu, hesabu itakuwa hivi: faida ya 120,000, Amri atachukua 48,000 za mali yake, na katika 72,000 za Zaidi atachukua 36,000 kwa kazi yake. Jumla yake ni 84,000, na Zaidi 36,000. Ikiwa ni khasara ya 50,000, Zaidi atabeba 30,000 na Amri 20,000, kama kwanza. Sasa kila mmoja amepata haki yake waziwazi, wala hapana haja ya mkono kuingia mtotoni.

QIRADHI

Na qiradhi, ambayo wengine huiita mudharaba, ndiyo sharika inayotufaa zaidi watu wa miji hii, kwani tunao wazee wenye akiba wasio na nguvu ya kuzunguka, na tunao vijana wenye nguvu na akili wasio na akiba. Mali hutoka kwa mmoja na kazi kwa mwingine, na faida ni ya wote kwa fungu linalojulikana: nusu, thuluthi, robo. Kukiwa na khasara bila ya uzembe wala khiyana, mwenye mali hupoteza mali yake, na mwenye kazi hupoteza jasho lake. Na wakipata faida kisha wakapata khasara, faida hutumika kwanza kuziba pengo la rasilmali.

Masharti yake: rasilmali iwe fedha taslimu, kiasi chake kijulikane, akabidhiwe mwenye kazi, na asibanwe hata asiweze kununua wala kuuza. Wala mwenye kazi asiuze kwa deni illa kwa idhini ya mwenye mali. Sharti hili kwetu ni kubwa, maana maduka mengi ya mitaani hayauliwi na mwizi, huuliwa na daftari la madeni ya majirani.

Katika Muwatta ya Imam Malik mna kisa cha kuzingatiwa. Abdullahi na Ubaidullahi, wana wa Sayyidna Umar, walikuwa wakirejea kutoka Iraki pamoja na jeshi. Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa liwali wa Basra, akawakopesha fedha za Baitul-Mali zilizokuwa zipelekwe Madina, ili wanunue bidhaa Iraki, waziuze Madina, watoe rasilmali na faida iwe yao. Wakafanya, wakapata faida. Sayyidna Umar akawauliza kama jeshi lote lilikopeshwa kama wao. Wakasema la. Akaona kuwa wamepewa kwa sababu ya baba yao, akawaamuru watoe rasilmali na faida pia. Abdullahi akanyamaza. Ubaidullahi akajibu kuwa lau mali ingalipotea wao ndio wangaliidhamini. Mtu mmoja aliyekuwapo akashauri ifanywe qiradhi. Sayyidna Umar akakubali: akachukua rasilmali na nusu ya faida, na wanawe wakachukua nusu.

Tazameni uadilifu huu. Hakuwaachia wanawe faida yote kwa kuwa ni wanawe, na kazi yao pia haikwenda bure. Wangapi leo, wakiwa ni wasimamizi wa mali ya wakfu au ya chama, huwapa jamaa zao mtaji ambao mtu mwingine hawezi kuupata?

MASHUA NA TUKTUK

Desturi ya wavuvi wetu ni kugawanya mapato kwa mafungu: fungu la chombo, na mafungu ya mabaharia. Wanavyuoni wa Kishafi wamezungumzia mfano ulio karibu na huu, wa mtu mwenye nyumbu, na mwingine mwenye kiriba, na wa tatu mwenye kuteka maji. Wakasema kuwa sharika hiyo haisihi: maji ni ya aliyeyateka, na wenziwe wana haki ya kodi ya vitu vyao. Imam Ahmad amejuzisha mtu kumpa mwenziwe mnyama amfanyie kazi kwa fungu linalojulikana la mapato, na wavuvi waifuatapo desturi yao wana pahali pa kutegemea. Lililo wajibu kwa wote ni kuwa fungu lijulikane kabla ya tanga kufunguliwa, si samaki wakisha kuonekana.

Ama mwenye tuktuk anayemwambia dereva amletee kiasi maalumu cha pesa kila siku, kinachozidi ni chake, hiyo si sharika wala si qiradhi. Hiyo ni ijara, yaani amemkodisha chombo. Nayo yajuzu ikiwa muda na kodi vinajulikana. Lakini na aujue mwenye chombo wajibu wake: aliyekodisha chombo, kikiharibika pasi na uzembe wa aliyekodi, uharibifu ni juu ya mwenyewe. Haifai achukue kodi kama mkodishaji, kisha spea ikivunjika amtoze dereva kama mshirika.

KUANDIKA NA KUSHUHUDISHA

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani ni ya 282 ya Suratul-Baqara, nayo haikuja katika Sala wala katika Haji. Imekuja kuamrisha deni liandikwe, kubwa na dogo, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawekwe. Na sisi kwetu, mtu akimwambia nduguye tuandikiane, humtazama kwa jicho la hasira na kumwuliza, kwani huniamini? Hii ni jahili. Kuandika hakuvunji uaminifu. Huulinda usije ukatiwa shaka. Na wazee wetu wamesema kweli: mali bila daftari hupotea bila khabari.

Kuna sababu nyingine pia. Katika Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, mahakama ya Kadhi husikiliza mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, kwa Waislamu waliokubali hukumu yake. Ugomvi wa biashara haumo. Basi washirika wakigombana na sulhu ikashindikana, kesi yao huenda katika mahakama ya kawaida, na huko hakimu ataitazama karatasi. Mwenye kutaka mambo yake yaende kwa sharia ya dini yake, na aiandike sharia hiyo katika mapatano yake tangu mwanzo, wakiwa wangali wanacheka pamoja.

Na yaandikwe haya: majina; kiasi alichotoa kila mmoja na tarehe; kazi ya kila mmoja; faida itagawanywaje na lini; nani aruhusiwa kutoa fedha benki, na kwa kiasi gani bila ya kumwuliza mwenziwe; kama kuuza kwa deni kunaruhusiwa; na nani atakayesuluhisha wakikhitilafiana. Kisha hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi, hata kama mwezi huo hapakuuzwa kitu.

MAUTI YAKIINGIA

Sharika huvunjika kwa kufa mmoja wa washirika, au kwa kupoteza akili. Hili wengi hawalijui. Mtu hufa, na mshirika wake huendelea na duka kama jana, akimpelekea mjane kitu kidogo mwisho wa mwezi, naye hujiona kuwa ni mwenye kufanya ihsani. Si ihsani. Tangu alipokufa mwenziwe, fungu lake ni la warithi, na huenda miongoni mwao wamo mayatima. Na Suratun-Nisaa, aya ya 10, imewaonya kwa moto wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma.

Lililo wajibu ni kusimama, kuhesabu bidhaa, fedha na madeni, na kulitenga fungu la marehemu. Baada ya hapo, warithi waliobaleghe wakitaka, watafunga mkataba mpya kwa ridhaa yao. Na fungu la yatima, walii wake atazame lenye maslaha naye. Hakika ya ushirika huonekana siku ambayo mmoja hayupo tena kujisemea.

MASUALA

Suali: Nimempa mtu 200,000 afanyie biashara, kwa sharti anipe 10,000 kila mwezi, apate asipate, na mali yangu irudi kamili. Yajuzu?

Jawabu: Haijuzu. Mali iliyodhaminiwa kurudi ni mkopo, na ziada iliyoshurutizwa juu ya mkopo ni riba, hata mkiita jina zuri namna gani. Kubalianeni fungu la faida, nawe ukubali hatari ya khasara.

Suali: Mshirika wangu ataka kutoka katikati ya mwaka. Naweza kumzuia?

Jawabu: Huwezi. Sharika na qiradhi ni mikataba ambayo kila mmoja aweza kuivunja atakapo. Katika qiradhi, ikiwa mali imo katika bidhaa, mwenye mali aweza kumtaka mwenye kazi aziuze mpaka irejee rasilmali kuwa fedha, na akusanye madeni. Na adabu ni kupeana khabari mapema, asimwache mwenziwe na kontena njiani.

Suali: Sisi ni wawili, mali ya kila mmoja peke yake haifiki nisabu, lakini ikichanganywa yafika. Tuna Zaka?

Jawabu: Naam, katika kauli iliyo na nguvu zaidi katika madhehebu yetu, mali iliyochanganywa, hata ya biashara, huhesabiwa kama mali ya mtu mmoja. Ikifika nisabu na mwaka ukapita, toeni robo ya ushuri, yaani shilingi 25 katika kila 1,000.

Basi ndugu zetu, mwenye mali na asimwogope kijana mwenye kazi, na kijana na asiikimbilie mali ya watu kabla ya kujifunza kuiandika. Mwenye sharika asiyokuwa na karatasi na aiandike sasa, nao wangali hai na wangali wapendanao. Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na atujaalie katika wale wachache wasiodhulumiana. Wallahu aalam.